Uzi wa kanzu sitini

Shoga yangu wa Wete,

Asalaam aleikum. Huku Unguja wote wazima, bi mkubwa goti ndo linamsumbua ila sokoni anakwenda mwenyewe na akirudi analalamikia bei ya pweza mpaka jioni. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili, mwanzo nkafurahi kama kazi nimeipata mie, kanzu 60 za madrasa si kidogo hongera sana, halafu nkafika pale uliposema "uzi ntanunua koni mbili zitatosha tu" nkaweka mkasi chini. Ndo mana nimekaa nnakuandikia hivi kwa urefu, mana kwa simu ntasema na wewe utakuwa unapepea jiko, hii iandike kwenye daftari lako la vipimo iwe inakaa hapo.

Hiyo "zitatosha tu" nnaijua vizuri shoga. Mwaka juzi nlipata gauni 22 za skuli, rangi ya samawati, uzi nkanunua kwa kukisia macho tu. Ukaniishia gauni ya 14, na skuli zinafunguliwa kesho kutwa yake. Duka nlilonunulia rangi ile imekwisha, nkazunguka Darajani mpaka Mlandege na kipande cha kitambaa mkononi, magharibi ishaingia, nkapata koni moja mahali chini ya taa ya duka nkaona ndo yenyewe khasa. Nkamalizia usiku ule. Asubuhi akaja mama mmoja kuchukua la mwanawe, akatoka nalo barazani, akaligeuza pindo juani kimya kimya, akaniuliza, "Fundi, hapa umetia uzi gani?" Juani uzi ulikuwa wa kijani kijani, na pindo lote limezunguka kama mtu kalichora kwa kalamu. Nkafumua pindo nane na mikono, nkazishona upya kwa uzi nliochota kwenye bobini za zamani, vile vijigurudumu vya uzi wa chini wa cherahani, na vijisalia vya kwenye droo, siku nzima, na vidole vikavimba. Fundi mmoja mtu mzima ndo akanambia baadae kuwa hata rangi yenye namba moja ikipikwa mara ya pili haitoki sawa sawa, kwa hiyo chini ya koni au kwenye lebo kuna namba ya loti, na uzi wa kazi moja unanunuliwa siku moja loti moja. Na rangi hukagui chini ya taa, unatoka nayo nje.

Tangu hapo mie nnapima. Na kupima si kazi ya kiwandani, ni dakika kumi.

Chukua vipande viwili vya kitambaa kile kile cha kanzu, usichukue kiraka chochote ulichookota, viweke kimoja juu ya mwenzie kama unavoshona kweli. Chora kwa chaki mistari miwili iachane sentimita 25, shona mstari mpaka mstari, kata nyuzi pale pale kwenye chaki halafu fumua taratibu usikate. Uzi wa juu ulaze kwenye tepu uunyooshe bila kuuvuta, na wa bobini vivo hivo. Mie wa juu ulinipa 32, wa chini 33, jumla sentimita 65, ukigawa kwa 25 unapata 2.6. Yaani kila mita moja ya mshono inakula mita 2.6 za uzi juu na chini pamoja, na viwandani mshono huu wa kawaida huwa wanauhesabia 2.5 kwa hiyo hatujaachana mbali. Ukiutazama ule uzi uliofumuliwa utaona una vijipindo vijipindo kama nywele iliyosukwa ikaachiwa, kila kijipindo ndo pale ulipozama ndani ya kitambaa kukamatana na mwenzie. Kitambaa kikiwa kinene kijipindo kinarefuka, na ukishona hatua ndogo ndogo, yaani sindano inapiga karibu karibu, vijipindo vinakuwa vingi, mie nlipopunguza hatua ikapanda ikakaribia 3. Ndo mana nikasema upime kitambaa chako kwa hatua yako mwenyewe.

Sasa ovaloki, ile mashine ya kuzungushia uzi ukingo wa kitambaa usifumuke. Hapa shoga ndo pananila roho, mana miaka yote mie nlikuwa nadhani cherahani ndo linalokula uzi na ovaloki inapitia pitia tu pembeni. Piga sentimita 10 tu, chomoa uzi wa sindano, zile mbili zinazozunguka ukingo zitaachia wenyewe. Wa sindano nlipata 28. Hizo mbili nyingine zilikuja 56 na 56. Nkapima tena mana sikuamini. Jumla sentimita 140 kwa mshono wa sentimita 10, mara 14! Hiyo ni ovaloki ya nyuzi tatu, ya nyuzi nne inafika kama mara 18. Kwa hiyo ukitaka kujua uzi unakwenda wapi usiitazame sindano ya cherahani, tazama ule ukingo.

Nimekaa nkaipigia hesabu kanzu ya mtoto wa miaka kumi hivi, kwa patani nnayotumia mie, wewe utabadilisha kwa ya kwako. Mabega mawili sentimita 30. Makwapa kuzunguka mikono yote miwili 90. Ubavuni kuanzia pindo mpaka kwapa halafu chini ya mkono mpaka kiganjani, mita 1.40 kila upande, pande mbili 2.80. Hizo peke yake zimefika mita 4 na ndo zinazopigwa ovaloki. Halafu kuna zisizopigwa, pindo la chini 1.60, mikono 60, shingo unaipita mara mbili 80, kifuani pale pa vifungo ukihesabu kwenda na kurudi mita 1, mifuko ya ubavuni mita 1. Hizi zote mita 5. Kwa hiyo cherahani linashona mita 9, zidisha kwa 2.6 ni mita 23.4 za uzi. Darizi ya shingoni sijaitia, hiyo ina uzi wake na bei yake na wala usikubali kuichanganya humu.

Ovaloki sasa inategemea. Ukizipiga kingo mbili pamoja ni mita 4 mara 14, mita 56. Lakini picha ulonitumia ya kanzu za mwaka jana nimeona unapiga kila ukingo mbali mbali halafu unafungua mshono unaulaza kwa pasi, na mie nakuunga mkono kabisa, kanzu ya hivo inakaa vizuri ubavuni na mtoto akinenepa mamake atakuja kukwambia mpanulie na utapata pa kupanulia. Ila ujue umeshafanya mita 8 za ovaloki, na 8 mara 14 ni mita 112 za uzi. Kwa kanzu moja! Na 23.4 ya cherahani unapata 135.4. Ongeza 15 kwa mia ya kupotea, mana uzi unakatika, unatunga upya, vile vimkia vya mwanzo na mwisho, bobini inayoishia katikati ya pindo ukaanza tena, na kufumua nako kupo. Mie nlianza na 10 kwa mia nkaona haitoshi, kwa cherahani letu hili la kuzoeana nalo 15 ndo salama. Unafika mita 155.7 kila kanzu, mara 60 ni mita 9,343 hivi.

Rudi sasa kwenye koni zako mbili. Zimeandikwa 5,000, na ungepiga haraka haraka ungesema mbili ni 10,000 na zinabaki. Geuza lebo usome, zile nyingi tunazonunua ni YADI 5,000 si mita! Yadi ni sentimita 91 na kitu, kwa hiyo koni moja ina mita 4,572 na mbili zina 9,144. Umepungukiwa mita 199, yaani kanzu moja na robo. Ungefika kanzu ya 58 ya 59 hivi uzi ukakata, na wewe huko Wete kama dukani hamna tena loti ile utangojea boti ikuletee kutoka huku, na watoto wa watu wanasubiri kanzu.

Na hata hiyo mita 199 isingekuwepo, ovaloki yako inataka koni tatu zimesimama pale juu kwa wakati mmoja, tusisahau. Kwa hiyo nunua tatu. Zinagawanyika vizuri mpaka nlifurahi mwenyewe: mbili ziweke kwenye zile nyuzi za kuzunguka ukingo, kila moja itatumika kama mita 3,090, ya tatu iweke kwenye sindano ya ovaloki, itakula 1,546 tu, na hiyo hiyo ndo unajazia bobini na kushonea cherahani, mita 1,615, jumla 3,161. Zote tatu zinapungua pamoja pamoja. Kabla hujaanza kupiga ovaloki jaza bobini zako zote kwanza usihangaike kuhamisha koni kila saa. Na bobini yenyewe ikufanyie kazi ya mlinzi, kila kanzu inakula uzi wa chini kama mita 11.9, bobini yangu ikijaa inabeba kama mita 50 inashona kanzu nne inaanza ya tano, sasa wewe ukiona imekwisha kwenye ya tatu ujue hatua imeshuka au kuna mahali unarudia rudia, simama utazame.

Bei. Sijui huko sa hivi wanauza vipi kwa hiyo tuseme koni ni shilingi 6,000, weka ya kwako. Mita moja inakuwa shilingi 1 na senti 31, kanzu moja ni kama shilingi 204. Ukinunua zile nyuzi ndogo za yadi 200 tuseme kwa 500, mita moja ni shilingi 2 na senti 73 na kanzu ile ile inakuwa 425, zaidi ya mara mbili, kwa hiyo hizo ni za kuzibia tu si za kazi ya sitini. Lakini mteja usimhesabie 204. Umetoa mfukoni 18,000, gawa kwa 60 ni 300, hiyo ndo bei ya uzi ya kanzu moja. Kwa kuwa ni nyeupe salio litakufaa kazi nyingine unaweza kumwachia kidogo ukitaka, lakini ingekuwa rangi ya ajabu ajabu, urujuani au kijani cha ndimu, koni nzima iko juu yake hata ibaki nusu, mana hiyo nusu itakaa kwenye droo mpaka ifubae. Ntakwambia na hili, watu wanasema uzi ni kitu kidogo kwenye bei ya nguo na ni kweli, 300 haimuumizi mtu. Kinachoumiza ni ile siku unapokosekana.

Swali lako la ile koni nyeupe ulokuwa nayo nusu. Usiikisie. Kakako si anapima iliki na mdalasini, mwambie akupimie na koni, mizani ile ya gramu. Uzi wa 40/2, huu wa kawaida wa poliesta tunaoshonea, gramu moja ni karibu mita 34. Pima koni yenye uzi, pima na koni tupu ya aina ile ile, toa, zidisha kwa 34. Ikikupa gramu 60 una mita 2,040 hivi. Koni mpya kabisa inakuja kama gramu 135 za uzi wenyewe, na mie nazipima na mpya, mana nshawahi kukuta moja imeandikwa 5,000 na uzito wake hauendi kabisa na hiyo 5,000. Ila hiyo nusu yako usiichanganye na kazi hii kwa nje, nyeupe nazo haziko sawa, kuna yenye ubuluu na kuna ya maziwa, itie kwenye ovaloki ya ndani ambapo hakuna macho. Kwenye pindo na shingo weka loti moja tu.

Nnataka unitumie vipimo vya patani yako, urefu wa ubavu na mzunguko wa pindo hivi tu, na hayo matokeo ya kufumua kwako, ntakupigia hesabu usiku huo huo kabla hujaenda dukani. Na uniambie kama hao wa madrasa wanataka na kofia, mana kama wanataka hizo za kushona kwa mkono zenye viua hiyo ni barua nyingine kabisa na usiwape bei mpaka tuzungumze.

Msalimie mama sana, mwambie mbaazi alonipa safari ile zimeota nyuma ya nyumba. Kakako mpe salamu, na bizari nzima nusu kilo akipata mtu wa boti anitilie.

Mie shogayo,
fundi wa Mwanakwerekwe