Kijana wa kitanda nambari 12

Nairobi, Jumapili usiku

Kwako Mama Imani,

Salamu nyingi kutoka kwenye hii baridi yetu ya Julai. Watoto wazima, goti la mama limepoa, na Akinyi anauliza kila tukikutana kama Mombasa imekunenepesha. Najua nimenyamaza tangu Pasaka. Hukunikosea kitu, ni zamu za usiku. Habari za harusi ya Kevo nitakupa siku nyingine, maana hiyo inataka chai na mandazi.

Leo naandika kwa sababu ya mgonjwa mmoja, na kwa sababu katika darasa letu lote ni wewe uliyekwenda kusomea uuguzi wa magonjwa ya akili.

Ana miaka 24, alikuwa makanga. Tangu Machi ameletwa kwetu mara tatu, kila mara ana majeraha aliyojitia mwenyewe na ananuka chang'aa. Mara ya kwanza alishonwa akaelekezwa kliniki ya akili. Kule wakamwambia aache pombe kwanza ndipo waanze naye. Akaenda mahali wanaposaidia watu kuacha pombe, nao walipoona ile mikono wakasema atibiwe akili kwanza. Mama yake alinionyesha barua mbili za rufaa, zimekunjwa hadi zinachanika, kila moja inamrudisha ilikotoka nyingine. Nilizishika nikakosa la kumwambia yule mama.

Safari hii aliingia Jumanne jioni. Kwenye faili mtu ameandika "mlevi", basi. Hakuna aliyemuuliza alikunywa mara ya mwisho lini, wala anakunywa kiasi gani kwa siku. Jumatano alitetemeka, hakula, anaomba radhi kwa kila anayepita. Alhamisi usiku nikamkuta amelowa jasho, moyo unakwenda mbio, anawafukuza watu asioonekana ukutani. Mwenzangu akasema anajifanya, afungwe kitandani. Mama Imani, wewe unajua siku ya pili na ya tatu baada ya pombe kukatika ndizo zinazoua. Nilimpigia daktari wa zamu mpaka akaamka. Tukampa dayazepamu ya kumtuliza, na thaiamini (vitamini B1) ya sindano kabla ya dripu ya glukosi, nikaketi kando yake hadi kulipokucha. Wagonjwa wengine 30 waliachwa na mtu mmoja. Sina raha na hilo pia.

Jana alfajiri alikuwa ametulia. Nilikuwa nambadilishia bandeji, polepole, bila ule ukali ambao wenzetu humwagia wagonjwa kama yeye ("si ulijitakia mwenyewe?"). Akaniambia: "Sista, pombe ndiyo ilikuwa inanituliza. Mkishaiondoa nabaki na nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Akasema ndiyo, siku nyingi, na kwamba mimi ndiye wa kwanza kumuuliza. Mara tatu hospitalini, Mama Imani! Bado kuna watu hapa wanaoamini kwamba ukimuuliza mtu hivyo unampa wazo. Mimi nilimwona akishusha mabega kama mtu aliyetuliwa gunia.

Tukaongea kwa kirefu. Ametambua mwenyewe kwamba hajawahi kujiumiza akiwa hajalewa. Pombe inamtuliza mwanzoni, kisha inamwondolea ile breki ya mwisho, asubuhi aibu inamrudisha kwenye chupa. Sasa niambie, hapo utakata wapi useme hii ni ya kliniki ile na hii ni ya kliniki nyingine? Ni fundo moja. Zile barua mbili zinanikera mpaka sasa.

Tena Ijumaa alikuja askari akitaka kuandika "kesi". Nilimwambia Mahakama Kuu ilishasema tarehe 9 Januari 2025 kwamba kifungu cha 226, kile cha kumwadhibu aliyejaribu kujiua, ni kinyume cha Katiba. Akaondoka. Lakini kijana alikuwa ameshamwona, na siku nzima hakunisemesha.

Anaruhusiwa Jumatano, na hapo ndipo usingizi unaponipotea, kwa sababu wiki za kwanza nyumbani ndizo za hatari zaidi. Angekuwa mtu wa heroini ningejua pa kuanzia: pale Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, inatolewa tangu 2014, na mtu anaimeza kila siku mbele ya mhudumu, kwa hiyo angalau kuna jicho linalomwona kila asubuhi. Huyu wa chang'aa nani atamwona kila asubuhi? Mama yake anauza mboga, anatoka saa kumi usiku.

Tumeanza kuandika karatasi moja, kwa maneno yake mwenyewe: dalili kwamba ile hamu ya kujiumiza inakuja (anazima simu, anaanza kuzunguka kona fulani mtaani), kinachomtuliza (kuosha gari la mjomba, redio ya mpira), na nani ampigie. Kwenye watu wa kupigia ameandika mama yake, halafu akasimama. Nafasi ya pili iko wazi. Dawa nimeomba apewe za siku chache chache, zikae kwa mama. Na vitu vya hatari nyumbani tumekubaliana mama aviondoe kabla hajafika.

Nisaidie. Ninyi huko mnampokea mtu wa namna hii mahali pamoja, au naye hutumwa huku na huku? Unamjibu nini anayekuuliza atabaki na nini? Ukimwona mwenzako anamkaripia mgonjwa, unamvuta pembeni au unamfikisha kwa matroni? Akirudi amelewa, ile karatasi tunaendelea nayo au tunaanza upya? Na yule mwalimu wetu wa saikolojia, bado mnawasiliana? Nasikia yuko Nairobi siku hizi. Unadhani angekubali jina lake liandikwe kwenye ile nafasi ya pili, au namwomba makubwa?

Nipigie kesho kabla ya saa kumi na mbili jioni, sijaingia zamu. Ukishindwa, Jumanne mchana, hata kama nimelala, niamshe.

Wako,
Moraa