Barua ya wazi kwa makocha wa timu za watoto kuhusu mazoezi ya vichwa

Ndugu zangu makocha,

Salaam. Nawaandikia nikiwa beki wa kati mstaafu wa soka la mchangani, niliyesifiwa miaka mingi kwa kuondosha kona kwa kichwa na ambaye baadaye niliwafundisha vijana, pengine hata baadhi yenu, kufanya vivyo hivyo. Ombi langu ni moja: lile zoezi la kuwapanga watoto mstari na kuwarushia mipira waipige kichwa mmoja baada ya mwingine, tuliache.

Tulizoea kudhani kwamba hatari ipo tu pale vichwa viwili vinapogongana na mtu akazimia. Kumbe ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata kwa mpira uliopigwa vizuri, wala mtoto hasikii maumivu ya kumfanya alalamike, na kinachowatia wasiwasi wataalamu ni kurudiarudia jambo hilo kwa miaka. Jeff Astle, mshambuliaji wa West Bromwich Albion ya Uingereza aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki Januari 2002 akiwa na miaka 59, baada ya kuugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu; uchunguzi rasmi wa kifo chake ukaamua mwaka huohuo kwamba kilitokana na kazi yake ya mpira. Ubongo wake ulipochunguzwa upya, taarifa ya mwaka 2014 ilisema kwamba alikuwa na maradhi yale yaliyojulikana zaidi kwa mabondia.

Najua mtasema mpira wa zamani ulikuwa wa ngozi. Ni kweli, na wakati wa masika ulikunywa maji hadi kuupiga kichwa kukawa kama kupiga dafu, na alama ya mshono ilibaki kwenye paji langu hadi magharibi. Huu wa sasa haunywi maji, lakini sheria bado inautaka uwe na gramu 410 hadi 450 unapoanza mchezo, nao huja kwa kasi.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow walilinganisha wachezaji wa kulipwa wa zamani 7,676 wa Scotland na watu wa kawaida, wakakuta kwamba wachezaji hao walikufa kwa maradhi ya kudhoofika kwa ubongo mara tatu na nusu zaidi, ingawa waliokufa kwa maradhi ya moyo walikuwa wachache kuliko watu wa kawaida, maana mpira wenyewe ni afya. Taarifa yao ya mwaka 2021 iliwatenga kwa nafasi: makipa hawakuonekana kuwa na hatari iliyozidi, ilhali mabeki ilikuwa takriban mara tano. Nilipofika hapo nilivua miwani nikakaa kimya kidogo. Watafiti hao hawakuhesabu vichwa alivyopiga kila mchezaji, kwa hiyo hukumu ya mwisho haijatoka; lakini kipa hudaka kwa mikono.

Vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini havikuisubiri hukumu hiyo. Februari 2020 vilitoa mwongozo kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe vichwa mazoezini. Nasi hatuhitaji waraka wa mtu ili kufanya hivyo. Katika mechi ya watoto wadogo mpira wa kichwa ni wa nadra. Ni sisi tunaouzidisha mazoezini, mtoto mmoja akapiga arobaini kwa jioni moja, na shingo yake bado nyembamba. Atakapokua, afundishwe kuruka na kulenga kwa mpira laini, hata ule wa chandimu, na vichwa vyake vihesabiwe.

Kuhusu kugongana, nina deni langu mwenyewe. Kijana wangu mmoja aligongwa, nikammwagia maji kichwani na kumrudisha uwanjani. Dakika chache baadaye alinifuata kwenye mstari akaniuliza tuko ngapi ngapi, nikamjibu. Akaondoka hatua mbili, akageuka, akaniuliza tena. Nilimwacha acheze hadi filimbi ya mwisho kwa sababu tulikuwa tunaongoza kwa bao moja. Akiwauliza hivyo wa kwenu, mtoeni, asirudi siku hiyo hata akilia, na mzazi wake aambiwe jioni ileile ampeleke kwa daktari.