Kabla ya maghorofa Kivukoni, vigingi vya bamvua kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa ufukwe wa Kivukoni, kuanzia Soko la Feri hadi Ocean Road. Wanaotaka hoteli na maghorofa wanabishana na wanaotaka bustani na upepo, na kila upande una michoro yake ya rangi. Bado sijasikia mtu akiuliza bahari yenyewe inaishia wapi, na bila jibu la swali hilo hakuna mchoro wa kuaminika.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri ufukwe, ndani ya mita 60. Ugomvi uko kwenye pa kuanzia kupima. Hapa kwetu, siku za bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Chukua ufukwe unaoteremka mita 1 kwa kila mita 20: mita 3 za kimo zinakuwa mita 60 za mchanga. Mpimaji akianzia kwenye maji ya kupwa, mita zake zote 60 ni mchanga utakaofunikwa baada ya muda wa saa sita, na ukuta wa jengo utasimama pale pale povu linapofika. Kwenye karatasi kila kitu kitaonekana halali. Kila mchoro unaoletwa kwa wananchi uwe na mstari wa bamvua, yaani pale maji yanapoishia yakijaa siku hizo, na mita 60 zihesabiwe kutoka hapo kwenda nchi kavu.

Mstari huo huo ndio unaoamua hali ya mifereji. Maji ya mvua ya katikati ya jiji yanashuka kwa mabomba hadi baharini. Mdomo wa bomba ukiwa chini ya kimo cha bamvua, siku za bamvua bahari inauziba mara mbili kwa siku. Bamvua hapa Dar hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri. Mvua kubwa ya masika ikianguka saa hiyo, maji hayana pa kutokea, yanafumuka barabarani kupitia vifuniko vya chemba. Mafundi hufunga kifuniko chenye bawaba mdomoni mwa bomba ili bahari isirudi ndani. Ni kinga nzuri, lakini chupa moja ya plastiki ikinasa ukingoni hakizibi tena, na mchanga ukirundikana mbele yake hakifunguki. Lazima kisafishwe kabla ya kila bamvua, yaani mara mbili kwa mwezi, na anayelipia kazi hiyo atajwe kwenye kibali cha mradi. Kazi isiyo na mwenyewe itaangukia mtaa, na mtaa hauna fedha.

Maegesho ya chini ya ardhi yana hatari yake. Ukichimba karibu na bahari unakutana na maji ya chumvi mapema. Mkandarasi akiyavuta kwa pampu usiku na mchana, maji yaliyo chini ya majengo jirani nayo yanashuka, udongo unatitia, na kuta za zamani zinapasuka kimshazari kuanzia pembe za madirisha. Hao majirani ni pamoja na Boma la Kale la miaka ya 1860 na Kanisa la Azania Front. Tukumbuke pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mji huu Sultani Majid aliuanzisha miaka hiyo hiyo ya 1860, kwa hiyo karibu kila jengo la kale tulilonalo mjini linahitaji tangazo lake la serikali ili lilindwe. Lisilotangazwa linaweza kubomolewa wiki ijayo.

Hata ukarabati unaua. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua: unyevu unapanda kutoka chini na kutokea usoni. Ukipiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta, na baada ya masika chache plasta inadondoka na vipande vya jiwe. Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

Wapo wanaotaka Soko la Feri lihamishwe kwa sababu ya harufu. Harufu inatoka kwenye maji ya kuoshea samaki yanayotuama, na hiyo inatibika kwa sakafu yenye mteremko, chujio la magamba mferejini na maji safi ya kutosha. Mahali pa soko ndipo hapana mbadala wa karibu. Feri iko mdomoni mwa bandari, pamekingwa na mawimbi ya wazi, na vyombo vinashusha hatua chache kutoka mnadani. Kwa joto letu, kilo moja ya samaki inahitaji takriban kilo moja ya barafu. Kila saa inayoongezeka kati ya chombo na mnada inakula barafu, na gharama anaibeba mama anayekaanga samaki wa kuuza jioni. Wateja wake wanashuka kwenye pantoni na mwendokasi hapo hapo.

Kuhusu mji wenyewe: wizara zimeshahamia Dodoma, na ofisi peke yake hazitaurudishia uhai. Kisutu imeonyesha njia siku nyingi, duka chini na familia juu. Ghorofa lenye orofa kadhaa za magari chini linampa mtembea kwa miguu ukuta mtupu, na giza likiingia mtaa unakufa. Kibali kidai maduka usawa wa barabara na nyumba za kuishi juu.

Ombi langu kwa Halmashauri ya Jiji ni la kazi ya siku moja. Bamvua kubwa za mwaka huja karibu na Machi na Septemba. Siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu, saa kumi alasiri, mpimaji atembee ufukweni na wenyeviti wa mitaa na wavuvi wa Feri, apige vigingi maji yalipofika, kimoja kila mita 25, vipakwe rangi nyekundu, na visiguswe mpaka mkutano wa wananchi uishe. Wavuvi wasikosekane, maana wao wanajua maji yalifika wapi miaka ambayo bahari ilichafuka.

Mpangamiji,
Upanga, Dar es Salaam