Kijana akiitwa na polisi wa chuo Marekani, asikimbilie kueleza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ushauri wenu kwa vijana wanaokwenda kusoma Marekani. Koti la baridi, nakala za vyeti, yote sawa. Lakini kuna mahali mmeandika kwamba mwanafunzi akiitwa na polisi wa chuo aende haraka akaeleze kila kitu, kwani asiye na kosa hana la kuogopa. Mimi nilikwenda haraka.

Ilikuwa 2009, nikiwa mwaka wa pili katika chuo kimoja huko Minnesota. Usiku nilikuwa na kibarua maabara ya kompyuta: kujaza karatasi kwenye printa, kuzima taa, kufunga milango. Jumatatu moja nikakuta ujumbe kwenye simu, sauti ya upole kabisa. Afisa wa polisi wa chuo anaomba tuzungumze, dakika kumi tu. Kichwani mwangu polisi wa chuo ni yule mzee wa getini anayekagua kitambulisho huku chai yake inapoa. Sikujua kwamba vyuo vingi vya kule vina polisi kamili, walioapishwa, wenye bastola kiunoni na mamlaka ya kukamata. Chuo Kikuu cha Yale kinao tangu 1894.

Nikapiga pasi shati la Idi, nikaenda. Chumba kidogo, kahawa kwenye kikombe cha karatasi. Akaanza kwa kuniuliza habari za Tanzania na simba wetu, nami nikachangamka. Kisha akasema laptopu mbili zimepotea maabara. Ijumaa niliondoka saa ngapi? Nikajibu saa tatu usiku, kwa kukadiria, kama mtu yeyote anavyojibu. Akageuza karatasi iliyokuwa mezani: kadi yangu ilifungua mlango saa 3:47. Basi, laptopu zikasahaulika, ikawa kwa nini nimedanganya. Nikainamisha macho, ndivyo nilivyolelewa kusimama mbele ya mkubwa. Baadaye nikaisoma ripoti yake: "hakuweza kunitazama usoni".

Mtasema mbona kwenye sinema polisi humsomea mtu haki zake? Kanuni hiyo ya tangu 1966, ya kesi ya Miranda, inamhusu aliyeshikiliwa na anayehojiwa. Mimi nilikuwa "mgeni" tu, mlango haukufungwa kwa ufunguo, ningeweza kuaga na kuondoka. Nani aliniambia? Tena polisi wa kule akikwambia ana ushahidi ambao hana, hilo peke yake halimtii hatiani. Mahakama ya Juu ililivumilia tangu 1969.

Ripoti ikapelekwa ofisi ya nidhamu ya wanafunzi. Kwenye ofisi hiyo hupewi wakili wa serikali, na katika vyuo vingi ushahidi unaotosha kukutia hatiani ni mdogo kuliko wa mahakamani. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inasimama juu ya masomo: ukifukuzwa chuo, na nchi yenyewe huna ruhusa ya kukaa. Wiki tano sikulala. Laptopu zikaja kukutwa kwa mtu mwingine, na hakuna aliyenipigia hata kusema pole.

Aliyenifumbua macho ni wakili wa ofisi ya msaada wa sheria kwa wanafunzi. Tulikuwa tukiilipia ndani ya ada, na kila siku nilipita mlangoni pake nikienda kula. Aliniambia: uliza kwa adabu, "Niko huru kuondoka?" Ukijibiwa ndiyo, shukuru, nenda zako. Ukijibiwa hapana, sema, "Nanyamaza, na nataka wakili." Ulitamke kwa kinywa. Mwaka uliofuata, 2010, Mahakama ya Juu ikakazia kwamba kukaa kimya tu hakutoshi kudai haki ya kunyamaza. Wakitaka kupekua chumba bila hati, sema hukubali, lakini usimzuie mtu kwa mikono. Na usidanganye hata jina la mtaa. Ukikamatwa, chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 unaweza kutaka ubalozi wetu ujulishwe.

Sisemi ni maadui. Usiku mmoja wa theluji mmoja wao alinipakia garini akanifikisha bwenini, na ukiibiwa au ukiumizwa hao ndio wa kuwapigia. Ninachosema ni pale wewe ndiye unayeulizwa.

Mpwa wangu anaondoka Agosti. Mama yake amenikabidhi nimfundishe adabu za kule, na jioni tunaifanyia mazoezi sentensi ile kwa Kiingereza hapa barazani. Anacheka. "Mjomba, si nitaonekana jeuri?" Jana aliitamka bila kukosea neno, ila macho yakiwa kwenye mkeka. Nikamwambia arudie.

Mwalimu wa hesabu,
Chumbageni, Tanga