Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanajumuiya, Assalaamu alaykum.

Mambo ya fedha atayasoma mshika fedha, na ada anayodaiwa kila mtu anaijua. Mimi nitasema la umeme, maana ndilo lililotukutanisha mafundi, walimu na wanafunzi.

Kila tukikaa barazani kuzungumza umeme unaoyumba, lawama huenda baharini, kwenye waya unaotuletea umeme kutoka Bara. Si ajabu. Nani amesahau Disemba 2009, Unguja ilipoingia gizani mpaka Machi 2010, pampu zimekufa na watu wanahangaika na ndoo? Waya wa chini ya bahari uliowekwa 1980 ulikuwa mmoja tu, wa megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013. Huku Pemba tuliungwa na Bara mwaka 2010 kupitia Tanga, tukapumzika na kelele za majenereta ya Wesha. Gridi ya Bara ikiyumba, nasi twayumba nayo, hilo silikatai.

Lakini vipimo vya mwaka huu vimenitia aibu kidogo. Tulifunga kifaa cha kurekodi volti kwenye diko moja, pale wavuvi wanapoteremsha samaki, upande wa Micheweni, ambako mashine ya barafu ilikuwa imeshaunguza mota mara mbili. Mwenyewe alishakata shauri: umeme wa baharini una chumvi! Kiwango kinachotakiwa ni volti 230, na ukivumilia asilimia 10 juu au chini, ni kati ya 207 na 253. Mashine ilipowaka, fezi yake, yaani waya mmojawapo unaoleta umeme, ikaanguka chini ya 200, na papo hapo fezi ya taa ikapanda ikapita 253. Tatizo la waya wa baharini lingezishusha fezi zote. Moja kushuka na mwenzake kupanda ni dalili ya nyutro iliyolegea, ule waya wa kurudishia umeme ambao fezi zote hushirikiana. Kijana wetu alizima swichi kuu, akafungua boksi: skrubu ya nyutro imeota kutu ya kijani, ukiigusa inacheza. Mota ikipata volti ndogo huvuta ampea nyingi, yaani mkondo mkubwa wa umeme, joto likala insulesheni, ile ngozi ya waya wake. Taa nazo zilikuwa zikipasuka kwa volti kubwa.

Skrubu moja, na sisi tumelaumu bahari miaka yote. Stabilaiza, kifaa cha kusawazisha volti, aliyouziwa yule bwana mwenye mashine isingemtibu.

Mwaka ujao nataka tupime nyumba na hoteli zenye sola. Jenereta lina chuma kizito kinachozunguka, kwa hiyo hertzi 50, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde, haziporomoki ghafla. Inveta za kawaida, vifaa vinavyogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani, hazina uzito huo, na zile za bei rahisi huchafua wimbi la umeme. Tupime kwanza, maneno baadaye.

Mikutano ya kamati ilifanyika, mahudhurio hafifu.

Mwisho, klipu mbili za kile kifaa hazijarudi. Aliyenazo azilete kabla ya Idi, kuna skuli inasubiri kupimiwa.