Mgongo wa kuli nao utafutiwe hela ya utafiti

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni muuza viazi hapa Mabibo, ila kabla sijapata meza nilikuwa kuli, nimeshusha lumbesa kwenye mafuso kuanzia 1998 mpaka 2011, na anayeijua lumbesa anajua, gunia limeshonewa kilemba juu, ukijitwisha shingo inazama mabegani. Siku hizi asubuhi soksi navaa kwa awamu, mguu mmoja, napumzika, ndo nauendea wa pili. Hospitali moja (siitaji) nikapigwa eksirei nikaambiwa pingili zimesagika, nipunguze kubeba vitu vizito. Nilicheka mpaka nesi akanishangaa.

Kilichonifanya niandike ni mpangaji wangu, kijana anasomea uzamili wa mambo ya mifupa. Mwaka jana alikuwa anashinda kibarazani na laptopu anaandika andiko la kuomba hela, anataka awafuatilie makuli wa masoko ya Dar kwa miaka miwili, apime mizigo yao na migongo yao, nikamwambia mzani ninao, wa nini ununue. Majibu yakaja, mfadhili wa nje anasema wazo zuri sana ila lete kwanza data za awali. Sasa hizo data za awali unazipata wapi kama huna hata nauli ya kuzunguka sokoni? Akaacha. Saa hizi anaandikia kitu kingine kabisa ambacho wafadhili wanakipenda, na simlaumu, kodi yenyewe bado namdai.

Yeye ndo kanifungua macho kwamba Marekani wana taasisi nzima, NIAMS, kazi yake kufadhili utafiti wa viungo, misuli, mifupa na ngozi, imeanzishwa 1986 na miaka ya karibuni inapewa zaidi ya dola milioni 600 kwa mwaka. Nikashtuka, maana sheria iliyoanzisha COSTECH yetu, Tume ya Sayansi na Teknolojia, nayo ni ya 1986 hiyo hiyo, na pale Sayansi Kijitonyama zilipo ofisi zao nimeshuka daladala mara ngapi sijui. Sisemi tulingane, tajiri ni tajiri.

Na misaada ya nje ipo, tusiwe wachoyo wa fadhila, kule Hai Kilimanjaro watafiti wa KCMC, ile hospitali ya rufaa ya Moshi, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipita nyumba kwa nyumba kuulizia maumivu ya viungo, hela ikitoka NIHR, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa afya. Ila nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mei 2025 NIH, taasisi kuu ya utafiti wa afya ya Marekani, ambao ndo baba wa hiyo NIAMS, wakatangaza kusimamisha ule mtindo wa mtafiti wa kwao kumegea ruzuku mwenzake wa nchi nyingine mpaka waweke utaratibu mpya, yaani mtu kalala Washington, bajeti imekatika Dar.

Na jamani huu sio ugonjwa wa wazee wawili watatu. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hakuna kinacholemaza watu wengi duniani kama hicho. Hapo nani kawahesabu wa Mabibo, Ilala, Kariakoo?

Ombi langu ni dogo. COSTECH wakitangaza ruzuku za ule mfuko wao wa utafiti, waweke na dirisha la mifupa na viungo, tena sehemu yake iwe vihela vidogo vya vijana wanaoanza, kwa ajili ya hizo hizo data za awali, nauli, eksirei, posho ya mtu wa kujaza madodoso, basi. Halmashauri nao kila gunia linaloingia sokoni wanalikata ushuru, mgongo uliolishusha haujawahi kukumbukwa hata shilingi.

Mzani wangu upo stoo. Kijana yeyote aliye siriasi aje auchukue, makuli nitamtafutia mimi, awahi tu saa kumi alfajiri mafuso yakishaingia.

Mzee wa Viazi,
Mabibo, Dar es Salaam