Baba mkubwa anataka kuuza nyumba ya kambo, Kamalondo

Ndugu mshauri, jambo sana.

Ninakaa Kamalondo, hapa Lubumbashi, na mke wangu, watoto na mama mzazi. Nyumba aliijenga kambo, yaani babu mzaa baba, mji ungali unaitwa Élisabethville. Wakati ule wengi walikaa kambi za Union Minière, kampuni ya migodi, lakini yeye alikuwa fundi wa nguo, si mtu wa kampuni, akajenga huku cité, mtaa wa nje ya kambi, kwa pesa ya cherehani. Matofali ya kuchoma, baraza mbele, mwembe nyuma. Kuta hazina hata ufa.

Sasa baba mkubwa, anayekaa Kolwezi, amepata mfanyabiashara anayetaka kubomoa aweke depo ya pombe. Anasema Kamalondo si pa kulelea watoto tena. Hapo hasemi uongo: mabaa yanapiga muziki mpaka alfajiri, na walevi wanakojoa ukutani kwetu mama akiwa amekaa barazani. Lakini kazini mjini ninaenda kwa miguu. Tukihamia viwanja vipya vya barabara ya Kipushi, mshahara utaishia kwenye taksi, na mama atakuwa mgeni uzeeni. (Watoto nao hawataki kusikia. Uwanja wa timu ya TP Mazembe uko huku huku, bao wanalisikia kwa masikio yao.)

Kinachoninyima usingizi ni karatasi. Tunayo livret de logeur tu, kijitabu cha mwenye nyumba, imechakaa, jina la kambo. Certificat d'enregistrement, hati iliyosajiliwa ya ardhi, hakuna aliyewahi kuitafuta. Baba mkubwa ananiambia: "Sheria ya 1973 inasema udongo wote ni wa Serikali, na mimi ndiye mkubwa." Mimi sioni hayo mawili yanaungana wapi. Udongo ukiwa wa Serikali, ukubwa wake unamruhusuje kuuza peke yake? Mashangazi wawili wako hai na hawajaulizwa. Marehemu baba naye alizaliwa na kambo kama wao.

Kibaya zaidi, nimesikia ameshapokea avansi, malipo ya kwanza.

Nianzie wapi? Niite kikao cha familia, nikijua atasema ninamkosea heshima? Au kwanza niende kimya kimya ofisi ya ardhi, niulize namna ya kupata hati kwa majina ya warithi wote? Na kama mashangazi watakubali kuuza, mabati mapya niliyoezeka kwa pesa yangu, upepo ulipoondoa ya zamani, nitayadaije kwa baba mkubwa bila kuonekana ninamfanyia hesabu mzazi?

Mjukuu wa fundi, Kamalondo